Cheti cha Maji Apewe Nani?

Hotuba ya mwenezi wa tawi mbele ya wanachama na wananchi, tambarare ya Upare, kabla ya Wiki ya Maji



Wengine mmeshuka kutoka milimani tangu alfajiri, na wengine mmeacha zamu ya maji shambani mkaiweka mikononi mwa watoto. Twajua gharama yake, kwa hiyo hatutawapotezea wakati kwa salamu ndefu.

Barua imetufikia. Yasema kwamba katika Wiki ya Maji, ile ifanyikayo kila mwaka mwezi wa Machi na kumalizika tarehe 22, siku ambayo dunia nzima imeitenga kuwa Siku ya Maji tangu mwaka 1993, kijiji chetu kitoe jina la mtu aliyefanya kazi njema ya maji, ili apewe cheti mbele ya watu. Jina moja tu. Na tangu barua ile isomwe, ndugu zangu, kijiji hakina usingizi. Wako wasemao apewe mheshimiwa aliyekata utepe. Wako wasemao apewe mkandarasi aliyeleta mabomba. Juzi mtu mmoja, hatumtaji na mwenyewe yupo hapa anacheka, alisema apewe yule aliyetoa mbuzi siku ya ufunguzi.

Jambo hili laonekana dogo. Karatasi yenye muhuri, itundikwe ukutani, basi. Lakini sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa jambo moja juu ya zawadi, na hatujalisahau. Mwalimu akimpa zawadi mtoto mwenye daftari safi, hamfundishi mtoto yule. Yule alikuwa msafi tangu kwao. Anawafundisha wale 40 waliobaki kujua mwalimu anapenda nini. Wiki ijayo madaftari yote yatang'aa, hata kama hesabu zilizomo ni makosa matupu. Basi tukimpa cheti aliyekata utepe, tutakuwa tumewafundisha vijana wetu kwamba kazi ya maji ni kukata utepe. Na mikasi, ndugu zangu, haikosekani katika nchi hii.

Kabla hatujaamua, yafaa tuangalie wenzetu wa dunia hutoaje heshima zao. Tusidhani ugomvi huu ni wa kijiji chetu peke yake.

Kule Sweden, katika mji wa Stockholm, kila mwaka wataalamu wa maji wa dunia hukutana kwa wiki nzima. Mkutano huo ulianza mwaka 1991, na mwaka huo huo ikaanza kutolewa Tuzo ya Maji ya Stockholm, ambayo mshindi huipokea mkononi mwa Mfalme wa Sweden. Wengi husema hakuna heshima kubwa kuliko hiyo katika kazi ya maji. Mara nyingi hupewa maprofesa: mtu aliyechunguza maziwa, mtu aliyehesabu mwendo wa maji chini ya ardhi. Hatuwadharau. Asiyepima maji hawezi kuyagawa. Lakini katika orodha ile yamo majina ambayo yangewafaa ninyi mliokaa hapa chini ya mwembe, nasi tumechagua machache tuyaeleze.

Mwaka 2015 tuzo ile alipewa Bwana Rajendra Singh wa India. Yeye alisomea udaktari wa dawa za asili. Mwaka 1985 alikwenda pamoja na wenzake wachache katika wilaya ya Alwar, jimbo la Rajasthan, nchi kavu kama hii yetu ya chini, na pengine kavu zaidi. Alikwenda na nia njema ya kijana aliyesoma: afungue shule na kutibu watu. Twamjua kijana wa namna hiyo, hata sisi tulikuja hivyo hivyo na mabegi yetu. Mzee mmoja wa kijiji akamwambia kwamba shida yao si shule wala dawa, shida yao ni maji, na kama anataka kusaidia ashike jembe achimbe. Akashika jembe.

Alichochimba si kitu kigeni. Wahindi wa pale wana kitu kiitwacho johad, tuta la udongo lililopinda kama mwezi mchanga, huzuia maji ya mvua yasikimbie, yakatulia na kuzama ardhini mpaka visima vya jirani vikajaa. Mababu walikuwa nazo, watoto wakaziacha zikajaa tope. Kazi ya Singh ikawa kuzirudisha, moja baada ya moja, kwa mikono ya wanakijiji wenyewe. Walipompa tuzo, watoaji walisema zimekwisha jengwa 8,600, na maji yamerudi katika vijiji zaidi ya 1,000. Mto mmoja uitwao Arvari, uliokuwa ukikauka, ukaanza tena kutiririka mwaka mzima katika miaka ya 1990. Wako wataalamu wanaobisha, wasema miaka ile mvua nayo ilikuwa njema na habari za mto zimetiwa chumvi kidogo. Wabishane, ndiyo kazi yao. Sisi jambo lililotugusa ni lile lililofuata. Mto ulipopata maji ukapata na samaki, na samaki walipoonekana wakaonekana pia watu wa mbali waliotaka kuwavua. Ndipo vijiji zaidi ya 70 vya bonde lile vikaunda baraza lao, wao huliita bunge la mto, wakawekeana masharti. Walikataza hata kulima miwa, kwa sababu miwa hunywa maji ya watu kumi.

Sasa tuulizane bila kuoneana haya: johad na ndiva vina tofauti gani? Wazee wetu wa Upare hawakungoja mtu kutoka ng'ambo. Waliziba vijito kwa mawe na udongo, maji yakakusanyika usiku, yakafunguliwa asubuhi kwa zamu, yakashuka kwa mfereji mpaka shambani. Kila ndiva ina mgawa maji wake, na zamu zake, na faini ya anayeiba zamu. Watafiti wamekuja mpaka Makanya na Bangalala, wamepima ndiva, wamehesabu lita, wameandika vitabu na wengine wakapata digrii zao za udaktari. Vizuri, elimu haina kwao. Lakini mzee wetu wa hapa kijijini, yule anayeamka saa tisa za usiku kwenda kufungua, hatujaona cheti hata kimoja ukutani kwake. Na ndiva yenyewe mnaijua ilivyo leo. Tope limefika kiunoni. Mwezi uliopita tuliitana kusafisha: walikuja wazee 11 na akina mama, na vijana 3, na mmoja wa hao 3 alikuja kupiga picha.

Tuje kwa jirani. Mwaka 2013 tuzo ya Stockholm alipewa Bwana Peter Morgan wa Zimbabwe, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi na kufanya kazi Zimbabwe tangu miaka ya 1970. Yeye hakujenga bwawa. Alijenga choo na pampu. Mtasema, choo nacho ni maji? Muulizeni mama aliyemzika mtoto kwa kipindupindu. Choo chake kina bomba la hewa lililosimama hadi juu ya paa, na juu yake wavu. Ndani ni giza giza. Inzi akitoka shimoni hufuata mwanga wa bomba, hupanda, hukuta wavu, hufia hapo, na harufu nayo hutoka kwa njia hiyo hiyo. Hapana mashine, hapana mafuta, hapana ufunguo wa kungoja kutoka mjini. Vyoo vya namna hiyo vimejengwa kwa malaki katika nchi ile.

Na pampu yake, wanayoiita Pampu ya Bush, ilianza mwaka 1933 kwa mkono wa fundi mwingine, Tommy Murgatroyd; Morgan na wenzake waliifanya imara zaidi katika miaka ya 1980. Moyo wa pampu ile, pale juu panapobeba mpini, ni gogo la mti mgumu lililochemshwa katika mafuta. Gogo! Si chuma cha kuagiza kwa meli. Likichakaa, mti upo. Serikali ya Zimbabwe ikaifanya kuwa pampu ya taifa. Morgan hakutaka kujiandikishia haki ya kuimiliki ili kila anayeitengeneza amlipe. Aliiacha iwe ya watu, na wanaomjua husema hata kuitwa mwenye pampu alikataa. Huyu ndiye mtu wa kupewa cheti, ndugu zangu: aliyetengeneza kitu kikaendelea kutoa maji yeye akiwa hayupo.

Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu mnakumbuka kisima chetu cha pili. Hatutataja waliokileta, wala mwaka. Walikuja kwa magari matatu, ngoma zikapigwa, utepe ukakatwa, mbuzi yule maarufu akaliwa. Bango likasimamishwa lenye majina, na bango lipo mpaka leo, limepakwa rangi mara mbili. Pampu ilikufa kabla ya kiangazi cha pili. Kilichokufa ni ngozi ya ndani, kipande unachoweza kukificha kiganjani. Tuliandika barua, tukajibiwa kwamba mradi umekwisha kabidhiwa. Umekabidhiwa kwa nani? Kwetu. Tulikuwa na spana? Hapana. Tulikuwa na mtu aliyefundishwa kuivuta pampu kutoka chini? Hapana. Tulikuwa na senti ya akiba? Fedha zote zilikwenda kwenye shughuli ya ufunguzi. Bei ya ngozi ile ilikuwa ndogo kuliko bei ya mbuzi. Akina mama wakarudi mtoni miezi mingi, na mto mnaujua, na mwaka ule watoto waliolazwa kwa kuhara mnawajua kwa majina. Na kosa si la wageni peke yao; sisi wa tawi tulikuwa mstari wa mbele kupiga makofi. Tulifurahia bomba, hatukuuliza spana.

Wala hatukuwa peke yetu. Mwaka 2009 zilikusanywa hesabu za pampu za mkono katika nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara, ikaonekana kwamba kiasi cha pampu 1 katika kila 3 ilikuwa haifanyi kazi. Na nchi yetu ina somo lake kubwa zaidi. Mwaka 1971 tuliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Shabaha njema, wala hatutaicheka. Visima vilichimbwa, mabomba yakalazwa, lakini mwaka 1991 ulifika shabaha haijafikiwa, na mingi ya miradi ile ilikuwa imelala. Kujenga kulikuwa na bajeti. Kutunza hakukuwa na mwenyewe.

Mikutano nayo ilikuwepo. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano mkubwa wa maji kule Mar del Plata, Argentina, na kutokana nao miaka ya 1981 hadi 1990 ikatangazwa kuwa muongo wa maji ya kunywa na usafi. Mwaka 1992 wataalamu walikutana Dublin, wakaandika kanuni nne, na mojawapo yasema wanawake ndio nguzo katika kupata, kuendesha na kuyalinda maji. Mkutano mwingine wa Umoja wa Mataifa wa uzito ule wa 1977 haukufanyika mpaka Machi 2023, New York. Hesabuni: miaka 46. Mtoto aliyezaliwa siku ya mkutano wa kwanza alikuwa na wajukuu mlangoni siku ya wa pili. Lipo pia Kongamano la Maji la Dunia, lililoanza Marrakech mwaka 1997; ilichukua miaka 25 mpaka likafika Afrika ya kusini mwa Sahara, Dakar, mwezi Machi 2022. Hatusemi mikutano haina maana. Hapo ndipo mtu wa Pangani hujifunza kwa mtu wa Alwar. Ila nauli ya Stockholm ni kubwa na mgawa maji wa ndiva hana pasipoti, kwa hiyo wanaokwenda kusema habari zake mara nyingi ni wengine.

Tumetaja Pangani, na hapo kuna jina jingine. Mwaka 2019 tuzo ilikwenda kwa Bibi Jackie King wa Afrika Kusini. Yeye aliuliza swali ambalo wajenzi wa mabwawa hawakupenda kuulizwa: mto wenyewe ubakiwe na maji kiasi gani ili usife? Yeye na wenzake wakatengeneza njia ya kulipima hilo, samaki, majani ya ukingoni, na watu wa chini wanaoishi kwa mto. Sheria ya maji ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 ilitenga akiba ya maji kwa ajili ya watu na kwa ajili ya mto, na sheria yetu ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 nayo inayo akiba ya namna hiyo. Bibi huyu alifanya kazi hiyo pia katika bonde la Pangani. Maji ya Kilimanjaro na Meru hukutana Nyumba ya Mungu, yakashuka, yakapokea kile kidogo tunachoyaachia sisi wa Upare, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale, yakafika baharini Pangani. Na kule Pangani, maji ya mto yakipungua bahari hupanda juu, chumvi ikaingia mashambani. Tunaposema ndugu zetu wa milimani wanatumalizia maji, tujue kwamba kuna wa Pangani anayesema hivyo hivyo juu yetu.

Na msidhani heshima hizi haziwahi kutufikia. Mwaka ule ule wa 2015, Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, mwalimu katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutolewa, pauni 25,000. Alitengeneza chujio la maji la mchanga, lile mnalolijua, akaliongezea chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa mahali: hapa vijidudu, pale floridi. Waliofika pande za Meru wamewaona watu wenye meno ya kahawia na watoto wenye miguu iliyopinda. Hiyo ndiyo floridi. Mtu yule hakutafuta tatizo kitabuni. Alikulia nalo.

Basi, ndugu zangu, turudi kwenye jina letu moja.

Sisi wa ofisi ya tawi hatutawachagulia. Lakini tutasema tunavyoona, maana kunyamaza kwetu kungekuwa unafiki. Hapa kijijini yuko mama mmoja wa kitongoji cha chini anayefungua kisima cha kwanza saa kumi na mbili asubuhi, na kukifunga magharibi. Daftari lake la fedha za ndoo tumelikagua: kila shilingi imeandikwa, hata ya yule aliyekopa. Aliwahi kwenda kwa miguu kununua ngozi ya pampu kwa fedha yake, akangoja kurudishiwa miezi minne. Yuko fundi aliyejifunza kuvuta pampu kwa kutazama tu. Yuko mzee wa ndiva. Hawa hawajawahi kukaa kwenye viti vya mbele katika sherehe yoyote ya maji tuliyoiona. Siku ya utepe mama yule alikuwa jikoni anapika ule mbuzi. Dublin walimwandika mwaka 1992. Sisi bado.

Wako watakaosema: tukimwacha mheshimiwa atanuna, na mradi wa mabomba mapya utakwenda kijiji kingine. Tumelifikiri hilo, wala si hofu ya kipuuzi. Jibu letu ni kwamba tumwalike mheshimiwa aje yeye mwenyewe amkabidhi mama yule cheti. Kiongozi anayependa watu wake atafurahi, na kama atanuna kwa sababu hiyo, heri tujue mapema.

Na cheti pekee hakitoshi. Mama yule halipwi. Fundi halipwi. Shirika la Singh lilianza na jembe lakini halikuishi kwa sifa tu. Tunaomba mkutano huu ukubali kwamba katika fedha za ndoo itengwe sehemu ya posho ya mlinzi wa pampu na fundi, na sehemu nyingine ya ngozi na vipuri, nayo isiguswe kwa karamu ya aina yoyote. Mweka hazina asome hesabu hadharani kila baada ya miezi mitatu, hapa hapa, chini ya mti huu.

Majina yaletwe ofisini kabla ya Ijumaa, yameandikwa na kutiwa saini na watu watano. Asiyejua kuandika aje aseme, tutamwandikia mbele ya shahidi wake. Na Jumamosi tunasafisha ndiva. Wa milimani watafunga maji kwa nusu siku, wamekwisha kubali. Mwenye beleshi alete beleshi, mwenye karai alete karai. Uji utapikwa na vijana wa kiume safari hii, akina mama wakae wapumzike. Tunaanza saa moja kamili asubuhi.